Nilingoja prosesa mpya, Shaaban ikanipita

Kazi yangu hapa Lamu ni kuhariri video za kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake. Ni picha za akina mama peke yao, amana za watu, kwa hivyo siwezi kumpa mtu mwingine anisaidie. Zikiingia kwenye laptopu yangu, humo humo ndimo zinamokamilishwa.

Mwaka 2023 nilikuwa na laptopu ambayo prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya Intel ya kizazi cha saba, na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 8. Video ya saa mbili niliiacha usiku kucha itoke, feni ikivuma, nami nimeiinua kwa vifuniko vya chupa ipate hewa chini. Pesa ya kununua nyingine nilikuwa nayo. Nikasikia Intel inaleta prosesa mpya za Core Ultra, nikasema ningoje. Zikatoka Desemba. Bei zake madukani Mombasa hazikushikika, na Shaaban nayo ikaingia na harusi zake za kuuwahi mwezi wa Ramadhani. Nikarudisha arbuni za harusi tatu. Moja ilikuwa ya binti wa jirani yangu, na mpaka leo nikikutana na mamake naona haya.

Mwishowe nilinunua ya mtumba, kizazi cha kumi na moja. Fundi wa Langoni akaifungua, akachomoa RAM ya GB 8 na kupachika mbili za GB 16. Hata chai yangu haikupoa.

Hilo la RAM litazame kabla hujauliza kizazi. Core Ultra 200V za Septemba 2024 zimeunganishwa na RAM yake pamoja, GB 16 au 32, na hakuna fundi wa kukuongezea. Sifa yake ni kula chaji kidogo, na kwetu stima ikikatika hilo si jambo dogo. Kwa mtu wa kuandika na kusoma, akiweza bei, naiunga mkono.

Ila ya mtumba usishuke chini ya kizazi cha nane. Karibu zote za chini yake Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 muda wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kungoja nakukubalia ikiwa laptopu yako bado inakutosha na mpya imebakiza wiki chache, maana zikitoka, za nyuma huanza kushuka bei. Lakini ikiwa umeshapokea arbuni ya mtu, kesho asubuhi panda boti ya Mokowe, ushike basi la Mombasa.