Maswali na majibu: Undugu ndani ya nyumba ya watawa

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi mjini, Lamu na Mpeketoni, na karibu zote zinauliza jambo moja: watu waliotoka kwa mama tofauti wakaweka nadhiri, wanaishije kama ndugu kweli?

Tumsifu Yesu Kristo. Tuko mabruda wanne. Tunasali Masifu pamoja, tunakula meza moja, lakini chakula kikiisha kila mtu chumbani kwake na simu yake. Nikiumwa, wa kwanza kujua ni mpishi. Hii ni jumuiya? (Bruda, Malindi)

Milele amina. Ndugu yangu, hilo la mpishi limenichoma. Ratiba yenu haina kasoro, ila undugu hauletwi na ratiba. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, katika Kanuni ya maisha aliyowaandikia ndugu zake, iliyothibitishwa na Papa Honorius III mwaka 1223, anaandika kwenye sura ya sita kwamba ndugu popote wakutanapo waonekane kuwa watu wa nyumba moja, na kila mmoja amweleze mwenzake haja zake bila woga. Maana ikiwa mama humpenda na kumlea mwanawe wa mwili, ndugu wa kiroho anastahili kupendwa kwa bidii zaidi. Anaanzia kwenye haja. Anayetakiwa kufungua kinywa ni yule mwenye shida.

Na hapo ndipo tunaposhindwa. Wengi tuliingia utawani tukiwa tayari kusaidia watu, wala hatukujiandaa kusaidiwa. Tunahudumia parokia, shule na zahanati, lakini kumwambia mwenzako "baba yangu ni mgonjwa, sijalala siku mbili" tunaona aibu. Watawa wasiohitajiana wamekuwa kama wapangaji wa ploti moja.

Basi anza wewe. Mwambie mmoja wao, si wote kwa mpigo, jambo dogo la kweli linalokusumbua. Muombe akusindikize hospitali. Ukishazoea, peleka pendekezo kwenye kapitula, yaani mkutano wa ndugu wote wa nyumba: nusu saa baada ya chakula cha jioni simu zibaki chumbani, nanyi mkae barazani mpate upepo wa bahari na kahawa. Msiweke ajenda, tafadhali. Majirani zetu wa pwani wamejenga ujirani wao barazani vizazi na vizazi, na watawa tuna mengi ya kujifunza kwao.

Tena kuhusu huyo mpishi: Jumapili apumzike na familia yake, nanyi mshike zamu. Jumuiya iliyoajiri mtu wa kuifanyia kila kitu wiki nzima imejinyima jikoni, na mimi naamini hakuna mahali ndugu wanafahamiana upesi kuliko hapo. Mmoja anakuna nazi, mwingine anachambua mchele, na maneno yasiyotoka mkutanoni yanatoka yenyewe.

Tuko masista watatu. Wenzangu wawili ni kabila moja na mezani huongea kwao. Nikilalamika naambiwa nina wivu. (Sista, Lamu)

Dada, huo si wivu. Mtu akipigiwa simu na mama yake aongee lugha ya nyumbani kwa raha zake. Mezani, wa tatu akiwepo, itumike lugha ambayo wote watatu mnaielewa. Waambie wote wawili pamoja, useme unavyoumia, bila kuwaita wakabila. Wasiposikia, mkuu wa jumuiya aingilie. Ni wajibu wake. Nawe jifunze salamu zao, uwaamkie kwazo asubuhi. Undugu ni kufaana, si kufanana, na shirika lililopokea mabinti wa Kitaita, Kigiriama na Kipokomo halikuwataka wafanane.

Mwanangu ni bruda, anafundisha na analipwa vizuri. Mbona haleti kitu nyumbani? Aliosoma nao wamejengea mama zao. (Mama, Mpeketoni)

Shikamoo mama. Kanuni ya 668 ya Sheria ya Kanisa inasema anachopata mtawa kwa kazi yake ni mali ya shirika. Mshahara wake unaingia mfuko mmoja, unaomlisha bruda mzee asiyeweza kazi tena na mnovisi, anayelelewa kabla ya nadhiri, ambaye hajaanza. Hajakusahau. Ukipatwa na ugonjwa au msiba mwambie, naye amweleze mkuu wake waziwazi. Kutuma pesa kisirisiri kungevunja nadhiri yake ya ufukara na kuaminiana kwao. Na kwa jumuiya zinazosoma hapa: mzazi wa mwenzenu akiugua, nendeni wote mkamwone. Ni mzazi wenu.

Vijana wananyamaza kwenye kapitula, kisha wananung'unika pembeni. Nifanyeje? (Mkuu wa jumuiya)

Nani huongea kwanza? Kama ni wewe, wamebakiwa na nini cha kusema? Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa watawa wake, sura ya tatu, inataka wote waitwe kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Anza na mdogo, wewe uwe wa mwisho. Na hesabu za nyumba zisomwe mbele ya wote.

Asalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu. Majirani zangu mabruda ni watu wema, lakini nauliza: wamekuja kutubadilisha dini? (Jirani, Lamu)

Waaleikum salaam. Umeuliza vizuri. Mwaka 1219, katikati ya vita vya msalaba, Fransisko alikwenda Damietta, Misri, na Sultani al-Kamil akampokea na kumrudisha salama. Baadaye, katika Kanuni yake ya awali ya mwaka 1221, aliandika njia mbili za ndugu kuishi kati ya Waislamu. Ya kwanza: wasibishane wala kugombana, wawe chini ya kila mtu kwa ajili ya Mungu, na wakiri kuwa wao ni Wakristo. Ya pili, sikufichi, ni kutangaza neno wanapoona inampendeza Mungu. Maaskofu wawili wa kwanza wa Jimbo la Malindi, lililoundwa mwaka 2000 na ambalo Lamu imo ndani yake, Francis Baldacchino na Emanuel Barbara, walikuwa Wakapuchini, wana wa Fransisko huyo. Swali lako waulize hao mabruda wenyewe, kwa chai. Jirani anayeuliza kwa heshima anastahili jibu la kweli.

Tumenuniana tangu Kwaresima. Nani aanze? (Hakutaja mahali)

Wewe. Mathayo 18:15 yasema nenda kwake, mkiwa wawili tu. Usiandike ujumbe wa simu. Fransisko alimwandikia mhudumu mmoja, yaani mkuu wa ndugu, kwamba pasiwe na ndugu duniani, hata awe amekosa kiasi gani, aliyekutazama machoni akaondoka bila kupata huruma. Na asipoiomba, umuulize wewe kama anaitaka. Nenda leo, kabla ya Masifu ya Jioni. Mkishindwa, mwombeni ndugu wa nyumba nyingine aje akae nanyi.