Mahali pa kufunga kompresa ya hewa kwenye Land Cruiser
Ndugu, umeuliza kama kompresa ya volti 12 ya kujazia tairi upepo ifungwe chini ya boneti au nyuma ya kiti. Mimi ningeifunga chini ya boneti, mbali na bomba la ekzosi na juu ya kiwango ambacho maji hufika unapovuka mto, kwa kuwa waya mfupi kutoka kwenye betri hupunguza upotevu wa umeme. Hata hivyo, joto la injini huichosha mapema, hivyo ipumzishe kati ya tairi na tairi. Fyuzi ikae karibu na betri, na mpira wa kutolea hewa uwe umesukiwa nyuzi za chuma, kwani hewa iliyobanwa hutoka ikiwa ya moto. Nyuma ya kiti ni pakavu, lakini kelele utaijutia.