Nikishavuna mahindi, nipande nini cha kufunika udongo?

Swali: Agronomu, jambo. Nalima mahindi kwenye barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi. Kijana wangu amenionyesha wakulima wa Marekani wanaopanda nafaka iitwayo rai wakati wa baridi ili kurutubisha shamba la mahindi. Langu hubaki wazi tangu Mei hadi mvua za Novemba. Nipande rai mwezi wa Juni, maana na huku ni baridi?

Jibu: Jambo sana, Mama. Mbegu ya rai usiinunue. Baridi yetu ya Juni ni kavu, na mbegu utakayomwaga wakati huo itaishia kwa ndege. Kule Iowa na Illinois rai hupandwa Septemba au Oktoba udongo ukiwa na unyevu, huvumilia theluji, kisha huendelea kukua joto likirudi. Hata kwao ina masharti: isipouawa siku 10 hadi 14 kabla ya kupanda mahindi, mabua yake yakianza kuoza huyanyima mahindi machanga nitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani.

Huku kwetu, funiko la kiangazi hupandwa mvua zingali zinanyesha, mahindi yakiwa yamesimama. Kama umepanda mahindi mwishoni mwa Novemba, ingiza mukuna, mkunde unaotambaa, katikati ya mistari kuanzia katikati ya Januari, baada ya palizi ya mwisho. Usiwahi zaidi ya hapo, kwani mukuna hupanda juu ya mabua na kuyaangusha. Wala usichelewe hadi Machi, mizizi haitapata muda wa kushuka. Mbegu zake msizipike kama maharage, zina sumu.

Kwa shamba lako mimi ningeanza na mbaazi. Unazipanda pamoja na mahindi, hazishindani nayo kwa sababu mwanzoni hukua polepole, halafu mizizi yake mirefu huzibakiza kijani wakati majani mengine yamekauka. Na watoto watakula.

Mbaazi zikianza kutoa maua, chimbua shina moja taratibu. Utaona vinundu mizizini. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, kinatengeneza nitrojeni, kikiwa cheupe au kijivu, hakifanyi kazi.

Adui mkubwa ni moto. Moto wa porini ukipita Agosti, majani yote yanageuka majivu na nitrojeni inapotea hewani. Mwezi wa Mei, kabla nyasi hazijakauka kabisa, safisha ukanda wa mita 4 au 5 kuzunguka shamba lote, na uzungumze na majirani wanaochoma. Mchwa nao watakula sehemu ya majani, hilo huwezi kulizuia.

Mbolea ya kupandia usiiache. Mikunde haitengenezi fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea hiyo, na udongo wetu mwekundu wenye asidi huishikilia sana. Yurea, mbolea ya nitrojeni, ndiyo unayoweza kupunguza baadaye, lakini kwanza tazama majani ya chini ya mahindi: njano ikianzia nchani na kufuata mshipa wa kati, nitrojeni bado haitoshi, wekea.