Maswali na Majibu: Plagi ya Skuta Iliyoongezwa Nguvu

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu skuta, jambo lililonishangaza kidogo, kwa kuwa katika barabara zetu za Uganda boda boda za gia ndizo nyingi na skuta huonekana moja moja. Hata hivyo wenye skuta wana hamu ya kuziongezea nguvu kuliko waendesha boda, na wakishabadilisha silinda na kabureta, plagi, kile kipande kinachorusha cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, ndiyo huwa ya mwisho kukumbukwa na ya kwanza kulaumiwa. Nimechagua maswali sita.

*Shikamoo fundi. Skuta yangu ina injini ya GY6 ya cc 150. Nimeweka silinda na pistoni ya milimita 61, kamshafti kali na bomba la moshi lililo wazi zaidi. Je, niendelee na plagi ya C7HSA iliyokuja nayo, au nihamie plagi ya baridi? Msomaji, Tororo.*

Marahaba. Tuanze na hesabu. Injini hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na pistoni ya milimita 57.4 na mwendo wa pistoni wa milimita 57.8, vipimo vinavyotoa cc 149.6. Ukiweka pistoni ya milimita 61 bila kugusa kranki, unafika karibu cc 169, yaani ongezeko la asilimia 13 hivi, kabla hata ya kuhesabu kazi ya kamshafti, ile shafti inayofungua vali. Petroli inayochomwa imeongezeka na joto limeongezeka pamoja nayo, ilhali plagi ni ile ile na feni inayopuliza hewa kwenye mapezi ya silinda ni ile ile.

Maneno "plagi ya joto" na "plagi ya baridi" huwapoteza wengi, kwa sababu hayahusu ukali wa cheche hata kidogo. Yanahusu njia ambayo joto hupita kutoka kwenye ncha ya plagi hadi kwenye kichwa cha silinda. Plagi ya joto ina pua ndefu ya kauri, kwa hiyo joto husafiri mbali kabla ya kufika kwenye chuma, na ncha hubaki na moto mwingi. Plagi ya baridi ina pua fupi, na joto hutoka upesi. Ncha inatakiwa ipite takriban nyuzi 450 za selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, lakini isizidi sana nyuzi 800, kwa kuwa hapo hugeuka kaa la moto linalowasha mchanganyiko kabla cheche haijaruka, na pistoni hutoboka. Katika namba za NGK, watengenezaji wa plagi hiyo yako, ukipanda daraja moja, kwa mfano kutoka 7 hadi 8, joto la ncha hushuka kwa nyuzi kati ya 70 na 100.

Ushauri wangu ni huu: ikiwa safari zako ni fupi za mjini, bakia na namba 7. Ikiwa unapanda milima ukiwa na mzigo, au unakwenda Mbale mkono ukiwa umefungua mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu, weka CR8HSA. Usirukie namba 9 kwa sababu tu umesikia kwamba ndiyo ya mashindano. Ukiwa kwenye foleni, haitapata joto la kujisafisha na itajaa masizi ndani ya siku chache.

Kisha usinisadiki mimi, isadiki plagi yenyewe. Weka plagi mpya, tafuta barabara tupu, endesha kilomita mbili tatu ukiwa umefungua mafuta yote, halafu zima injini papo hapo bila kuiacha ingurume polepole. Kama unazima kwa ufunguo, angalia usiuzungushe hadi kwenye kufuli la usukani. Fungua plagi hapo hapo barabarani na uitazame mwangani. Kauri ya rangi ya kahawia hafifu, kama chai yenye maziwa mengi, ni habari njema. Kauri nyeupe pe, yenye malengelenge au ncha iliyoanza kulika, inasema kuna joto la kupita kiasi. Wiki chache zilizopita niliifungua plagi moja ya GY6 iliyopanuliwa nikakuta vidonge vidogo vya kung'aa vimeganda juu ya kauri, mfano wa chumvi iliyonyunyizwa. Ile ilikuwa aluminiamu ya pistoni. Mwenyewe alikuwa ameivua skuta yake kava la plastiki linaloongoza hewa ya feni kwenye silinda, akidai injini inapendeza ikiwa wazi. Skuta haipozwi na upepo wa barabarani kama boda boda. Bila kava lile feni inapuliza hewani bure, na hakuna plagi ya baridi itakayoziba pengo hilo.

*Mheshimiwa fundi, niliambiwa ninunue plagi ya namba 8. Duka la vipuri likanipa CR8E, ikaingia vizuri na spana ikaikubali. Nilipopiga stata injini iligonga "tak" na haikuwaka tena. Kosa ni la nani? Mwenye skuta, Kawempe.*

Pole sana, ndugu yangu. Namba uliyopewa ni sahihi, herufi ndiyo iliyokuponza. C humaanisha meno yenye kipenyo cha milimita 10, R humaanisha kwamba ndani kuna rezista, na herufi inayofuata namba hueleza urefu wa sehemu yenye meno: H ni milimita 12.7, E ni milimita 19. Plagi zote mbili zina meno ya aina moja na zote hufunguliwa kwa spana ya 16, ndiyo maana mkono wako haukuhisi tofauti. Lakini CR8E imezama ndani ya chumba cha moto kwa zaidi ya milimita 6 kupita kiasi, na pistoni imeipiga.

Ifungue uitazame: nina hakika mkono wa pembeni umelala juu ya ncha ya kati na pengo limezibika. Kabla ya kufunga CR8HSA mpya, zungusha injini taratibu kwa mkono kupitia feni na usikilize kama inakwama mahali, na ukiweza chungulia uso wa pistoni kwa tochi kupitia tundu la plagi. Alama ndogo kwenye pistoni si msiba. Kipande cha chuma kilichokatika na kubaki ndani ni msiba, na hapo kichwa cha silinda lazima kifunguliwe. Kuhusu kosa, muuzaji alipaswa kuuliza ni injini gani, nawe ulipaswa kwenda dukani na plagi ya zamani mfukoni ili mzilaze mbili hizo ubavu kwa ubavu juu ya meza.

*Je, plagi ya iridiamu itaniongezea mwendo? Jinja.*

Hapana, si kwa kiasi utakachokihisi. Ncha yake ni nyembamba, milimita 0.6 au hata 0.4 kulingana na mtengenezaji, kwa hiyo cheche huruka kwa volti ndogo kidogo, injini huwaka kwa urahisi asubuhi, na plagi hudumu. Ukiinunua, hakikisha daraja lake la joto ni lile lile unalolihitaji, maana iridiamu haibadilishi sheria hiyo.

*Skuta yangu ilitengenezwa Kampala, ikawekwa kabureta kubwa, nikaja nayo nyumbani Kapchorwa. Sasa plagi inakuwa nyeusi kila wiki. Nimeshauriwa niweke plagi ya joto, namba 6. Msomaji, Kapchorwa.*

Ushauri huo una mantiki, ila unafunika kidonda bila kukisafisha. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na tayari hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya moja ya kumi. Wewe umeipeleka skuta juu zaidi, kwenye ubavu wa Mlima Elgon. Kabureta haina akili ya kujua hilo. Jeti yake, yaani kitundu kinachopima petroli, inaendelea kumwaga karibu petroli ile ile wakati hewa imepungua, mchanganyiko unakuwa mzito, na mabaki yake yanageuka masizi. Ukiweka plagi namba 6, itayaunguza masizi na utaiona safi, lakini petroli itaendelea kupotea. Siku utakapoteremka Mbale na kuendesha kwa kasi kwenye joto la bondeni, plagi hiyo itakuwa ya moto kupita kiasi kwa injini yako.

Kwanza papasa weusi ule kwa kidole. Ukiwa mkavu na laini kama masizi ya koroboi, ni petroli nyingi: safisha chujio la hewa, ambalo kwa vumbi letu jekundu huziba upesi, kisha shusha jeti kuu kwa ukubwa mmoja na ujaribu tena. Ukiwa na unyevu na kunata, hiyo ni oili inayopita kwenye ringi au kwenye sili za vali, na hapo si jeti wala plagi itakayokusaidia. Kwenye injini zilizopanuliwa nimekuta mara nyingi ringi zilizofungwa juu chini au silinda mpya isiyozoeshwa taratibu. Ukimaliza hayo yote na plagi bado inaingia weusi, basi njoo kwenye namba.

*Nina Vespa ya zamani ya oili mchanganyiko, silinda imetanuliwa. Plagi iliyomo ni ya Bosch na dukani kuna za NGK tu. Je, nitafute namba ile ile? Bombo.*

La, mzee wangu, tafadhali usifanye hivyo. NGK na Denso huhesabu kwenda juu kuelekea baridi, ilhali Bosch na Champion huhesabu kinyume, namba kubwa kwao ni plagi ya joto zaidi. Bosch ya 4 ni ya baridi; NGK ya 4 ni ya joto sana, na injini ya oili mchanganyiko, yaani ile inayotiwa oili ndani ya petroli, huwaka kila mzunguko mmoja wa kranki, si kila mizunguko miwili, kwa hiyo pistoni yake haisamehe. Hata kati ya NGK na Denso namba hazifanani: 7 ya NGK ni 22 ya Denso, 8 ni 24, na 9 ni 27. Tumia jedwali la kulinganisha la mtengenezaji, na pima urefu wa meno kabla ya kufunga.

*Nimeweka CDI na koili zenye nguvu. Nipanue pengo la plagi? Na je, niikaze kiasi gani? Fundi mwanafunzi, Katwe.*

Anza na milimita 0.6 hadi 0.7, upime kwa geji wala si kwa jicho. Ukitanua zaidi kwenye injini yenye mgandamizo mkubwa, cheche itaanza kukosa pale unapoihitaji, yaani ukifungua mafuta yote. CDI, yaani visanduku vya kielektroniki vinavyoamuru wakati wa cheche, zinataka plagi yenye rezista, ile ya herufi R, ili kelele za umeme zisiichanganye. Rezista haipunguzi nguvu ya injini, hata kama mafundi wenzako watakuambia vinginevyo.

Kuhusu kukaza, plagi ya milimita 10 inataka niutoni mita 10 hadi 12 tu, na kichwa cha silinda ni aluminiamu laini. Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe niliivuta spana ndefu mpaka meno yakatoka yamejisokota kwenye plagi kama uzi wa cherehani, na mwenye skuta alikuwa amesimama nyuma yangu. Subiri injini ipoe, ingiza plagi kwa vidole mpaka washa (pete yake ya chuma) iguse, kisha ongeza nusu mzunguko kwa spana ikiwa ni mpya. Kama ni ile ya zamani unayoirudisha, washa yake imekwisha kubanwa, kwa hiyo mguso mdogo unatosha, kiasi cha sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko.