Mtambo Mmoja wa Baridi kwa Majirani Wanne

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Ninasimamia ghala la kufungashia maua na maharage machanga hapa Njiro, Arusha. Tumepakana na kiwanda cha maziwa, hoteli yenye ukumbi wa mikutano na jengo la ofisi la ghorofa sita. Kila mmoja ana mashine zake za kupoza, na kila mwisho wa mwezi sote tunalia na bili ya umeme. Mkandarasi mmoja anatushawishi tujenge mtambo mmoja utakaotusambazia maji ya baridi kwa mabomba, na anaahidi kwamba bili zitashuka kwa nusu. Je, tumwamini?
Msimamizi wa ghala, Njiro

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mtambo wa namna hiyo si ndoto. Huko Toronto, tangu mwaka 2004, majengo ya katikati ya jiji hupozwa kwa baridi ya maji yanayovutwa kutoka kina cha mita 83 katika Ziwa Ontario. Ninyi hamna ziwa la kuazima baridi, kwa hiyo akiba yenu itatokana na jinsi mtambo utakavyopangwa na kuendeshwa, na ndiyo maana ahadi ya nusu, iliyotolewa kabla mtu hajapima chochote, mimi siwezi kuiunga mkono.

Kinachowapa nafasi nzuri ni kwamba hamhitaji baridi kwa wakati mmoja. Maziwa hufika asubuhi, maua huingia ghalani yakiwa bado na joto la shambani, ukumbi hujaa baadaye, na ofisi huelemewa jua la alasiri linapopiga madirisha. Leo kila mmoja amenunua mashine ya kutosheleza saa yake mbaya kuliko zote, kisha muda mwingi mashine hiyo hubeba nusu ya mzigo wake. Mtambo wa pamoja hupangwa kwa mzigo wa pamoja, ambao ni mdogo kuliko jumla ya vilele vyenu vinne. Tena wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti peke yake, bali pia kilele cha mahitaji ya mwezi, yaani kiwango kikubwa kabisa cha umeme mlichovuta kwa mpigo mmoja, kinachopimwa kwa kVA (kilovolti-ampea). Tangi kubwa la maji yaliyopozwa usiku, wakati hewa ya Arusha imeshapoa na mashine inatoa joto lake kwa urahisi, litawapunguzia gharama hiyo pia.

Sasa hapa ninaomba muwe wakali. Ofisi na ukumbi hutosheka na maji ya nyuzijoto 7. Waridi huhifadhiwa vizuri kwenye nyuzijoto 2 hadi 4, na maziwa hushushwa hadi 4, ilhali maharage machanga yakikaa siku kadhaa chini ya 5 hutoka madoa ya rangi ya kutu na mnunuzi huyakataa. Mkandarasi anayetaka kazi rahisi atapoza maji ya wote hadi chini ya sifuri, akitia glaikoli ili yasigande, kwa ajili ya wateja wawili tu. Mkikubali, mtalipia ubaridi usiohitajika katika kila chumba cha ofisi, kwani kila nyuzi moja mnayoshusha huongeza umeme wa kompresa kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Daini mizunguko miwili ya mabomba, kila mmoja na mashine yake, ndani ya nyumba moja ya mashine, mkubwa wa nyuzijoto 7 na mdogo wa baridi kali. Mashine ya huo mdogo inaweza kutumia amonia kama gesi ya kupozea, nayo haimo kabisa kati ya gesi za kupozea zinazopasha dunia joto, ambazo nchi zilikubaliana huko Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Ila amonia ni sumu, na isiwekwe pasipo mafundi waliofunzwa na ving'ora vya kuvuja.

Jambo la pili ni maji yanayorudi. Kubeba kilowati 1,000 za baridi kunahitaji lita 48 za maji kwa sekunde ikiwa maji yanarudi yamepata nyuzi 5 tu, na lita 24 yakipata nyuzi 10. Katika mabomba yaleyale, mtiririko ukipungua nusu, nguvu ya pampu hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Niliwahi kuingia chumba cha mashine cha jengo moja Moshi, nikaweka kiganja kwenye bomba la kwenda na kiganja kwenye bomba la kurudi, nisione tofauti. Kipimajoto kilisoma 8 na 10. Vali za njia tatu kwenye viyoyozi zilikuwa zinarudisha maji kabla hayajafanya kazi, huku pampu zote zikizunguka usiku na mchana.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba mtaro, fungeni vipimo katika majengo yote manne na kusanyeni takwimu za Januari na Februari penye joto, na za Julai penye baridi. Wakati huohuo zibeni milango ya vyumba vya baridi inayovujisha hewa, maana mzigo mnaouondoa leo hamtaununulia mashine kesho. Mkifika kwenye mkataba, kila jirani awe na mita inayosoma mtiririko pamoja na joto la kwenda na la kurudi, na anayerudisha maji yakiwa bado baridi alipe zaidi kwa kila lita aliyoizungusha bure.