Mwili Mmoja, Madaftari Mawili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Shikamoo mzee. Baba ana sukari mwaka wa tisa. Sasa amekutwa na kansa ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa. Ameanza sindano na sukari imepanda mpaka 16. Tuache sindano?"

Marahaba mwanangu. Msiache. Ila ngoja nikusimulie yangu.

Sukari ninayo tangu 2011. Ikafika wakati naamka usiku mara nne, mara tano kukojoa, nikasema sukari hiyo. Zahanati nako nikaambiwa vilevile: "Mzee, punguza wali." Wali nikapunguza, safari za chooni zikabaki palepale. Miaka miwili mizima! Mimi mwalimu wa sayansi, niliyestaafu na chaki mkononi, sikujiuliza: mkojo wa sukari huja mwingi, huu wangu mbona unakatikakatika na kudondoka? Kiuno kilipoanza kuuma nikasingizia palizi ya mikorosho. Kaka yangu yeye akasema nimetupiwa. Siku napimwa PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa imeshavuka 200.

Hilo linaniuma mpaka leo, sitakuficha.

Habari za basi la Dar na foleni za hospitali ya kansa ya Ocean Road naziruka. Nikaanzishiwa sindano ya kila miezi mitatu. Kazi yake ni kuzima testosteroni, homoni ya kiume, maana hiyo ndiyo chakula cha kansa hii. PSA ikashuka kama maji ya bahari ya Mikindani yakikupwa, nami nikatembea mtaani kifua mbele. Kumbe testosteroni ikizimwa, misuli hupungua, mafuta ya tumbo huongezeka na insulini hufanya kazi kwa shida. Miezi sita tu nina kitambi ambacho sikuwa nacho hata enzi za mshahara, na mashine asubuhi inasoma 14.

Nimesoma sana tangu hapo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanaume zaidi ya 73,000 wenye kansa hii, wa miaka 66 kwenda juu: waliozimwa homoni, kwa sindano au kwa kutolewa korodani, walipata kisukari zaidi ya wenzao. Tafiti nyingine zinaonyesha jambo la ajabu. Wenye sukari hugunduliwa kansa hii kidogo kuliko watu wengine, lakini wakishaipata hufa zaidi kuliko wasio na sukari. Si kansa peke yake inayowaua, moyo nao umo. Kisha wapo wanaoongezewa dawa nyingine za kansa: vidonge vya abirateroni, ambavyo humezwa pamoja na prednisoloni, au dripu za dosetaseli zinazoendana na deksamethasoni. Prednisoloni na deksamethasoni ni steroidi, nazo hupandisha sukari hasa.

Sasa kosa langu. Kliniki ya sukari hawakujua kama nachoma sindano ya kansa. Niliona aibu! Mtu mzima niseme mbele ya wauguzi wa umri wa wajukuu zangu kwamba nimezimwa uanaume? Nikawa na madaftari mawili, la sukari natoka nalo Jumanne kwenda kliniki, la kansa nalificha chini ya godoro. Siku mke wangu alipoyaweka yote mawili kwenye meza ya daktari, nilitamani sakafu ipasuke. Daktari akasoma, akabadilisha dozi, akaandika kipimo cha figo na presha, akaniambia nitembee. Basi.

Natembea ufukweni Shangani kila alfajiri, na ndoo za maji nabeba mwenyewe ili misuli isiishe. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimetoka asilimia 10.2 hadi 7.1. Nani mwingine mtaani kwetu kafanya hivyo akiwa na miaka 66?

Kwa hiyo mwanangu, mpeleke baba na madaftari yote mawili. Sukari 16 si ya kusubiri tarehe ya kliniki, nendeni wiki hii. Nanyi wazee wenzangu mnaoficha karatasi chini ya godoro, mnamficha nani? Mke anajua. Semeni! Anayekojoa kwa kudondoka asikubali kuambiwa ni sukari tu, adai PSA. Semeni, nasema tena.

Wali nilishaushinda. Mabibo bado. Juzi mtani wangu Mmakua kaniletea ndoo nzima, eti matunda ya Mungu hayana sukari. Leo asubuhi mashine imesoma 9.3, na mke wangu hajauliza kitu, kaitazama ndoo tu.