Mama kavimba miguu, jirani kampa Lasix: asimeze kwanza

Mkuu, hizo Lasix za jirani (furosemide, dawa ya kukojoza) ziweke pembeni. Umesema mama ana miaka 62, anatumia amlodipine, dawa ya presha, na miguu yote miwili imeanza kuvimba baada ya dozi kupandishwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Anzia hapo. Amlodipine yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu, hasa kwenye dozi ya 10, kwa sababu hutanua mishipa midogo na maji yakavujia kwenye nyama. Uvimbe wa namna hiyo dawa ya kukojoza haiuondoi vizuri. Itamkausha mwili na miguu ibaki vilevile. Mrudishe kwa daktari wake, apunguze dozi au ambadilishie dawa. Asiache mwenyewe ghafla, presha itapanda.

Siichukii Lasix. Baba yangu ana moyo uliochoka, na bila furosemide yake ya asubuhi hawezi kulala, anakaa kitandani akihema. Lakini dawa hiyohiyo iliwahi kumwangusha. Aliharisha usiku kucha, kulipokucha akameza furosemide na enalapril, dawa ya presha na moyo, kama kawaida, na kwa kuwa magoti yalikuwa yanamsumbua, alikuwa pia anatumia diklofenaki, dawa ya maumivu, aliyouziwa duka la dawa. Nilimkuta amekaa sakafuni mlangoni mwa choo, ulimi umekauka, anasema kizunguzungu, na mkojo wenyewe kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Hospitali presha ilisoma 80 kwa 50 na kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ilikuwa imepanda. Daktari akatueleza vizuri: furosemide na kuharisha vimepunguza maji, diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, enalapril inalegeza ule unaoitoa, kwa hiyo msukumo wa kuchuja unaisha. Dawa zote tatu zilisimamishwa, akatundikiwa dripu polepole kwa kuuogopa moyo wake, na figo zikarudi. Siku hizi akitapika, akiharisha au akishindwa kunywa, tunampigia daktari kabla hajameza chochote. Diklofenaki na ibuprofen haziingii tena nyumbani kwake.

Kuna wengine wa kuangaliwa sana. Mjamzito aliyevimba apimwe presha na protini kwenye mkojo, asipewe Lasix. Mzee wa tezi dume ambaye mkojo umegoma kabisa, akimeza Lasix atazidi kujaza kibofu. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, yuko hatarini, maana furosemide hutoa potasiamu (madini ya mwilini), na potasiamu ikishuka digoksini hugeuka sumu kwa moyo. Spironolactone, dawa nyingine ya kukojoza, ni kinyume chake: huzuia potasiamu isitoke, na ikichanganywa na enalapril au losartan (nayo ya presha) bila kupima damu, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hadi kuua. Wenye gauti, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, nao wamwambie daktari mapema.

Kwa mama, leo usiku mwangalie anavyolala. Akihitaji mito mingi ili apumue, akiamka uso umevimba, au mguu mmoja ukivimba zaidi ya mwenzake na kuuma, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke hospitali hapohapo, na vidonge vyote anavyotumia uvibebe kwenye mfuko.